Minji Moja Tu Usoni

Mwalimu Linet alifunika jagi lake kwa kiganja. Hakulifunika kwa ukali. Alilifunika polepole, kama mtu anayezuia vumbi, na Nakhumicha akabaki dirishani na kipimo kilichojaa maziwa, maziwa yakimdondokea vidoleni.

"Mama Jerotich hayuko?" mwalimu aliuliza.

"Yuko ndani, Mwalimu. Lakini hata mimi naweza kukuwekea."

"Niitie yeye tu."

Watu wanne waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuangalia viatu vyao. Nakhumicha akarudisha maziwa kwenye mkebe, akaenda kumwita mwenye duka. Hakuna aliyehitaji kumweleza kitu. Mashavu yake yalikuwa yamejaa chunusi, nyingine zimeiva usaha, nyingine zimezama ndani zikiuma hata akilalia mto. Alipokuwa msichana hakuota hata moja. Sasa ana miaka ishirini na tisa, na zimemjia zote pamoja kama wageni wa matanga.

Jioni, walipokuwa wakiosha mikebe, Mama Jerotich alisema bila kumtazama.

"Mwanangu, si mimi. Ni watu. Mtu akiona huo uso na maziwa mahali pamoja, anaanza kufikiria vitu. Kaa na ng'ombe tu kwanza. Cynthia wangu atasimama dirishani mpaka arudi chuo mwezi wa nane."

"Na akirudi chuo?"

"Kama uso umetulia, dirisha ni lako. Kama bado, nitatafuta mwingine. Na kazi ya ng'ombe nimemwahidi Edwin wa dada yangu, anakuja kutoka Ainabkoi hiyo hiyo Agosti." Akakung'uta maji mikononi. "Tutaangalia."

Tutaangalia ni neno lenye milango mingi ya kutokea, na Nakhumicha aliijua yote. Mwezi wa nane ungemkuta dirishani, au ungemkuta kwa mama yake Moi's Bridge, akieleza ni kwa nini amerudi na begi.

Na dirisha hilo alilipenda. Sioni haya kulisema kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe angeona haya. Lilikuwa dirisha dogo la mbao, hapa Kapsoya, lenye milango miwili na rafu pana kama mkono. Lakini kutoka pale alijua nani amejifungua na sasa ananunua lita mbili, nani amehamiwa na mkwe, na jagi la nani linavuja upande gani. Watu walimwita jina lake. Huko nyuma, kwenye zizi, wa kumwita walikuwa ng'ombe watano, na wao humwita mtu yeyote aliyebeba ndoo.

Aliyemkosa kwanza alikuwa Nasteha. Nasteha alikuwa na duka la dawa upande wa pili wa barabara, na kila asubuhi alinunua maziwa ya chai. Siku ya tatu alizunguka nyuma ya nyumba, akainua buibui lisiguse samadi, akachungulia zizini.

"Abaayo, dada yangu, umejificha huku? Nimeuliza huyo msichana, ananiambia ati uko kwa ng'ombe."

Nakhumicha alikuwa amevuta kitambaa cha kichwa mpaka karibu na macho. "Nimewekwa huku. Ni hii uso."

Nasteha akakivuta kile kitambaa nyuma kwa kidole, akamwangalia kama anavyoangalia karatasi ya daktari. "Umepaka nini mpaka sasa?"

"Ile ya soko, kwa kopo ya njano. Na majivu. Na ndimu."

"Ndimu? Wewe ni samaki?" Nasteha akasonya. "Hiyo ni ugonjwa kama ugonjwa zingine. Iko na daktari wake. Kesho ni kliniki ya ngozi hospitalini. Uende mapema, na usipitie sokoni."

Alienda. Alikaa kwenye benchi kuanzia saa moja mpaka saa sita, katikati ya mzee mwenye mkono uliobabuka na mtoto mwenye choa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho yamechoka lakini sauti haijachoka. Alimgusa mashavu bila glavu na bila kukunja uso, na kwa hilo peke yake Nakhumicha alitaka kulia. Ilikuwa imepita miezi tangu mtu amguse.

"Uko na mimba? Unapanga?"

"Hapana, daktari."

"Unapaka nini usoni, kila siku?"

"Sipaki kitu. Zile za soko nimewacha. Maji na sabuni tu."

Alijibu kwa moyo safi kabisa. Daktari akaandika krimu, akaeleza: usiku, uso ukiwa mkavu, kidogo tu, jua la mchana alikwepe, na asubiri wiki kumi na mbili. Nakhumicha akahesabu kwa vidole chini ya meza. Wiki kumi na mbili zilimfikisha mwanzo wa Agosti.

Tatizo la neno kidogo ni kwamba kila mtu ana lake. Nakhumicha alikuwa mtu wa maziwa, na kidogo ya watu wa maziwa ni kikombe. Akaipaka ile krimu kama mtu anayekandika nyumba, usiku, na kwa sababu alikuwa na haraka, asubuhi pia. Siku ya kumi uso ulikuwa unawaka na ngozi inamenyuka kama kiazi kilichochemshwa. Alisimama mbele ya shimo la samadi akiwa na tyubu mkononi, na nusura aitupe humo.

Badala yake alivuka barabara.

Nasteha alipoiona tyubu imekunjwa mpaka shingoni alishika kichwa. "Hii ni ya miezi miwili! Umeikula na mkate?"

"Nilitaka ifanye haraka."

"Sikiliza. Unajua minji? Ile njegere ya pilau? Moja. Minji moja kwa uso mzima. Paji, shavu, shavu, pua, kidevu, halafu unatandaza. Pumzisha uso siku tano, ndio uanze tena. Na ukiona chunusi zimezidi kidogo mwanzo, usiogope. Inatoa zile zimejificha ndani."

Nakhumicha alirudi chumbani, akachagua minji moja kavu kwenye mfuko wa jikoni, akaiweka ndani ya kiberiti kitupu kando ya kitanda. Kila usiku aliitoa, akaiweka kwenye kiganja cha kushoto, akakamua krimu kwenye kidole cha kulia mpaka vilingane. Kisha akairudisha ndani ya kiberiti na kukifunga. Ungemwona ungecheka. Lakini mwanamke yule hakuwahi tena kuzidisha.

Mwezi wa sita ukaisha. Ngozi iliacha kuwaka, lakini chunusi hazikuondoka. Moja ikikauka, mbili zinapiga hodi. Wiki ya sita hiyo. Cynthia, ambaye alikuwa na roho nzuri, alimwambia zimepungua, na Nakhumicha akamshukuru kwa uongo huo. Usiku alianza kukunja nguo zake moja moja na kuziweka ndani ya begi, si kwamba anaondoka, ila mkono uzoee.

Ijumaa moja asubuhi Cynthia alichelewa kufungua. Nasteha, akiwa na jagi lake, akazunguka nyuma na kusimama mlangoni mwa zizi akingoja. Nakhumicha alikuwa anamaliza kumkamua Malkia, ng'ombe mwekundu mwenye hasira za asubuhi. Alisogeza ndoo, akachovya vidole viwili kwenye kopo la mafuta ya kukamulia, akapaka chuchu za ng'ombe: moja, mbili, tatu, nne, zisipasuke na baridi. Kisha, bila hata kuangalia mikono yake, akapangusa yaliyobaki. Shavu la kushoto. Shavu la kulia. Kidevu. Paji.

"Nakhumicha," Nasteha akasema. "Rudia hiyo."

"Gani?"

"Hiyo umefanya saa hii."

Nakhumicha akaangalia vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Ni mafuta imebaki."

"Na unaweka kwa uso?"

"Si kuweka. Ni kupangusa mikono. Mafuta hayatupwi. Mama yangu alikamua miaka ishirini kwa shamba ya wenyewe, alikuwa anafanya hivyo."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Tangu mkamuaji aende Krismasi, nikachukua ng'ombe."

"Na chunusi zilianza lini?"

Nakhumicha akaanza kuhesabu kwa vidole. Malkia akapiga mkia. Hesabu ilikuwa rahisi, na wote watatu walikuwa wameifanya, ukimtoa ng'ombe.

"Daktari si alikuuliza unapaka nini?"

"Aliuliza. Nikamwambia sipaki kitu."

Nasteha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, buibui, samadi na vyote. Akacheka mpaka machozi. "Walahi, usiku unaponya, asubuhi unaziba ngozi na mafuta! Ng'ombe ndio wako na ngozi safi hapa!" Na Nakhumicha, ambaye hakuwa amecheka tangu Mei, akaegemea ubavu wa Malkia akacheka naye, kicheko kinachouma mbavu, kwa sababu aibu ilikuwa kubwa lakini nafuu ilikuwa kubwa zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Chake kilikuwa kwenye vidole vyake mwenyewe, na kilikuwa kinamla kwa upole, kwa mkono wa mama yake.

Nasteha alitafuta kitambaa cha zamani akakifunga kwenye nguzo ya zizi, mafundo mawili. "Hapa ndio utapangusia. Au visigino. Visigino havina shida."

Haikuwa rahisi. Mkono una kumbukumbu zake. Wiki nzima ulipanda wenyewe kuelekea shavuni, na Nakhumicha akaukamata hewani kama anayeshika nzi. Alitoa miguu kwenye gambuti, akapaka visigino, na visigino vilivyokuwa na nyufa tangu utotoni vikaanza kung'aa kama vya bibi harusi.

Usiku, minji moja. Asubuhi, kitambaa cha nguzoni. Mwisho wa Julai alipitisha kidole kwenye taya akakuta pako laini. Alirudia, akidhani kidole kimekosea. Alama nyeusi zilikuwepo, nyingi, lakini hakukuwa na uvimbe, hakukuwa na maumivu. Alilala kifudifudi, shavu limebonyea kwenye mto, akamshukuru Mungu kwa sauti. Akamshukuru daktari aliyemgusa bila glavu. Akamshukuru Nasteha kwa kukaa juu ya ndoo chafu. Akafikiria kumshukuru Malkia pia, akaona hiyo imezidi.

Jumamosi alimpelekea Nasteha kibuyu kidogo cha mursik, maziwa ya kugandisha aliyoyasafishia kibuyu kwa mkaa yeye mwenyewe.

"Hii ni ya nini sasa?"

"Ni asante."

"Mimi nilicheka tu."

"Hata hiyo," Nakhumicha akasema.

Mama Jerotich naye aliona. Alimsimamisha uani, akamgeuza kidevu kwenye mwanga kushoto na kulia, kama mtu anayenunua ndama. "Jumatatu fungua dirisha," akasema. Halafu, akiwa ameshageuka kuondoka: "Nilikuwa naomba, ujue. Si ati sikuwa naomba."

Jumatatu foleni ilikuwa ndefu. Wengine walimwambia amenona, wengine wakamuuliza alikuwa wapi. Mwalimu Linet alikuwa wa mwisho. Aliweka jagi kwenye rafu, mdomo wazi, akaondoa mkono.

Nakhumicha alikuwa amefanya mazoezi ya maneno ya siku hii tangu Mei. Yalikuwa maneno mazuri, makali, na aliyajua yote kwa moyo. Akajaza jagi.

Mwalimu hakuondoka. Aliangalia nyuma, kisha akainama dirishani. "Hiyo dawa yako," alisema polepole. "Ni ya wapi?"

"Ni ya daktari, Mwalimu. Si ya kuazimana."

"Si yangu. Ni Faith wangu, wa kidato cha pili. Zimemjaa uso mzima. Tangu wafunge shule hajatoka nje. Anakula akiwa amegeukia ukuta." Akashika mpini wa jagi, akauachilia. "Nilikukosea, mama. Nafikiri unajua."

Yale maneno makali yalikuwa pale pale, yakingoja. Nakhumicha akayatafuta, akakuta hayana kazi tena. Aliongeza kikombe kimoja juu ya jagi lililojaa, mpaka maziwa yakafika ukingoni.

"Kesho ni kliniki. Mlete hapa saa moja. Nitamwomba Mama ruhusa, tutaenda pamoja."

"Hatakubali. Hataki kuonekana."

"Mwambie ni mimi nitakuwa dirishani."

Asubuhi ya Jumanne kulikuwa na baridi, ile baridi ya Agosti inayokaa kwenye mabati. Nakhumicha alikuwa amekamua, akapangusa mikono nguzoni, akafungua mlango mmoja wa dirisha. Upande wa pili wa barabara, karibu na duka la Nasteha ambalo lilikuwa bado limefungwa, msichana mrefu alisimama na mama yake. Alikuwa amevaa sweta yenye kofia, ameivuta mpaka puani. Mama yake alisema kitu. Msichana akatikisa kichwa.

Nakhumicha akafungua mlango wa pili. Akafungua fundo la kitambaa chake cha kichwa, akakivua, akakiweka kando ya kipimo cha maziwa, alama zake zote nyeusi zikiwa wazi. Kutoka mfukoni akatoa kiberiti, akakifungua, akaweka minji moja kavu katikati ya rafu. Akangoja.

Msichana aliinua ukingo wa kofia kwa vidole viwili. Akaangalia dirishani kwa muda mrefu. Kisha akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka.