Muhuri wa Mzee Taban

Zuleika alikuwa na kila kitu cha kuuzia gesi isipokuwa ruhusa. Kiwanja chake kidogo pale Kansanga kilikuwa na uzio wa waya, vizima moto vimetundikwa mahali pa kuonekana, ndoo za mchanga zimejaa, na mkaguzi alikwisha kuja, akapima, akaridhika. Lakini kampuni ya kumletea mitungi ilikuwa imesema neno moja tu: kibali kitoke kabla mwezi haujaisha, la sivyo uwakala wa eneo lile utakwenda kwa mtu mmoja wa Ggaba. Na mtu huyo alikuwa ameanza kupita pale, akiutazama uzio wa Zuleika kama mnunuzi anayemtazama mbuzi mnadani.

Kilichobaki kilikuwa karatasi moja. Siku hizo maombi ya vibali vya mafuta na gesi yalipelekwa kwa mtandao, na tovuti ya ofisi ya vibali ilimtolea mwombaji tamko la usalama. Alitakiwa kulichapa, kulitia sahihi kwa mkono wake, kuliskani na kulirudisha. Juu ya tamko, upande wa kulia, palikuwa na mraba wa vidoti vyeusi. Huo ndio ulioiambia mashine karatasi ni ya nani. Mahali pa kupiga muhuri hapakuwapo kabisa, na taabu yote ilianzia hapo.

Zuleika alikuwa amekulia kwenye mambo ya mihuri. Baba yake, Hamim, Mnubi mjukuu wa askari na mtu wa kufuata utaratibu, aliomba kuweka pampu ya mafuta ya taa miaka michache baada ya vita vya mwaka wa themanini na sita. Alipeleka faili mjini, akaambiwa limepungukiwa muhuri wa mtaa. Alipoleta muhuri akaambiwa faili halionekani. Akafungua jingine, nalo likapotea. Alikalia benchi la ukumbi wa ofisi ile ya mjini miaka na miaka, na alipofariki hakuwa ameambiwa ndiyo wala hapana. Alichomwachia binti yake ni imani moja: karatasi isiyo na muhuri wa mwenyekiti inafaa kufungia njugu.

Kwa hiyo Zuleika alipochapiwa tamko dukani kwa Adero, alitia sahihi, akalipeleka kwanza kwa Mzee Taban, mwenyekiti wa mtaa.

“Ya serikali, halafu haina muhuri?” Mzee Taban alivaa miwani. “Hawa watoto wa ofisini wanafundishwa nini siku hizi?”

“Nimetafuta nafasi, Mzee, sijaiona.”

“Hujaiona, nawe unayo mbele ya pua? Tazama, binti Hamim. Wametuchorea mraba kabisa.”

Akaupulizia muhuri pumzi, akaugandamiza juu ya vidoti kwa uzito wa mwili wake wote. Ulitoka wa zambarau, mzuri, umekaa sawasawa. Wote wawili waliutazama kwa furaha.

Adero, Mjaluo wa Kisumu mwenye duka la kompyuta kando ya barabara ya Ggaba, naye hakuona kosa. Kwao alikua akiona muhuri wa chifu ukifungua milango. Aliskani, akapakia, na kabla Zuleika hajamaliza soda yake jibu likawa limerudi.

“Inasema waraka hausomeki,” Adero akatafsiri kutoka Kiingereza. “Tupakie upya.”

“Hausomeki nini? Jina langu si liko pale?”

“Labda wino umefifia, mama. Huo muhuri wa mzee umezeeka kama mwenyewe.”

Adero akachapa tamko jingine. Mzee Taban aliposikia habari ya wino alikasirika, akanunua kidau kipya cha wino, na safari hii muhuri ukafunika mraba wote kama blanketi. Mashine ikajibu vilevile. Mara ya tatu Mzee aliamua kwamba ofisi inataka uzito zaidi. Akamwita katibu wa usalama wa mtaa na mwakilishi wa wanawake, nao wakapiga mihuri yao juu ya wa kwake.

“Sasa wakikataa,” alisema Mzee, “watakuwa wamekataa mtaa mzima.”

Walikataa. Chini ya jibu la tatu palikuwa na mstari mpya, na Adero aliusoma polepole kuliko kawaida yake. Ombi lilikuwa limefungwa. Lisingeweza kupakiwa tena mpaka afisa alitazame.

Neno “afisa” lilimrudisha Zuleika kwenye benchi la baba yake, kwenye ukuta wa kijani na mlango uliofunguliwa nusu. Alikwenda kiwanjani akakaa juu ya ndoo ya mchanga, akamwona mtu wa Ggaba akipita, akamgeuzia mgongo. Mwezi ulikuwa ukingoni.

Kesho yake asubuhi simu ililia, namba asiyoijua.

“Naongea na Zuleika binti Hamim? Mimi Nabalayo, kutoka kitengo cha vibali.” Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha upande wa Mbale, haina haraka.

Zuleika alikuwa amesikia habari za matapeli wa simu, na za wasio matapeli wanaodai hongo pia. “Sema mapema, nyabo, dada yangu. Unataka nini?”

“Nataka karatasi safi.”

“Karatasi gani safi?”

“Isiyo na mihuri. Mama, nimekaa kazini muda mrefu, lakini sijaona tamko lililopigwa mihuri mitatu mahali pamoja. Nimewaita wenzangu waje waone. Nani kakwambia upige muhuri juu ya ule mraba?”

“Mwenyekiti. Alisema ndiyo nafasi yake.”

Upande wa pili paliguna kitu, kikohozi au kicheko. “Ule mraba ndio jina la karatasi. Mashine haisomi maandishi, inasoma ule. Ninyi mmeuziba, tena kila mara mmeuziba zaidi.”

“Kwa nini haikusema hivyo?”

“Ni kweli, ingefaa iseme. Hilo nitalipeleka kwa waliotengeneza mfumo.” Alisema bila kujitetea. “Lakini ikishindwa mara tatu, mfumo unamwita mtu, na mtu ni mimi. Faili lako lote liko mbele yangu, na ripoti ya mkaguzi, na picha za ndoo. Hakuna kinachokosekana. Nimekufungulia. Chapa, tia sahihi, usimpelekee mtu yeyote.”

Zuleika alikwenda kwa Adero karibu akikimbia. Karatasi ilitoka kwenye printa, ikatiwa sahihi, ikaingia kwenye skana ikiwa bado ina joto. Ilionekana uchi, na mkono wa Zuleika ulisita kuiachia. Safari hii mashine haikusema hausomeki. Alasiri Adero alipiga yowe mpaka wateja wa fotokopi wakageuka: kibali kilikuwa kimetoka.

Zuleika aliipigia ile namba.

“Nyabo, nije nikushukuru. Sisi shukrani hatuitumi kwa simu. Nikuletee hata birika la kahawa.”

“Sipokei kitu, mama, hata kahawa. Ukitaka kunishukuru, zile ndoo za mchanga zisije zikawa za kufulia.”

“Hazitakuwa.”

“Basi tumemaliza.” Na simu ikakatwa.

Akabaki na shukrani zake mkononi, hana pa kuziweka. Alipozipima vizuri aligundua kwamba hakushukuru kwa kibali peke yake. Alishukuru hata kwa kukataliwa. Mashine ilikuwa imemkataa waziwazi, kila mara papo hapo, na katika kukataa kote huko faili lake halikupotea. Baba yake hakuwahi kupewa hata hapana. Angepewa, angejua la kufanya.

Mitungi ya kwanza iliposhushwa, wauza chipsi wa barabarani walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Mzee Taban alikuja mwisho, akasimama nje ya uzio, kofia mkononi.

“Adero ameniambia,” alisema. “Kumbe ni mimi niliyekuwa nakuzibia njia.”

Zuleika alimtazama. Majirani walipoogopa kwamba gesi italipua mtaa, mzee huyu ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiwaeleza, na nyumba nyingine alirudi mara ya pili. Hakuna mashine iliyosoma hilo. Alifungua lango, akamvuta ndani, akakitoa kibali kwenye fremu ya kioo kilimokuwa kimekwisha kuwekwa, akakigeuza uso chini juu ya mtungi.

“Piga hapa, Mzee.”

“Nyuma?”

“Nyuma ni kweupe kote. Chagua mwenyewe.”

Mzee Taban akavaa miwani. Alichukua muda mrefu kuchagua. Halafu akaupulizia muhuri pumzi, akaugandamiza katikati kabisa, na wakasubiri wino ukauke kabla ya kukirudisha kibali kwenye fremu yake.