Bunduki Iliyongoja Jumapili

Watu wakinisimulia habari za mume wangu huanza na kicheko, nami huwaacha wacheke kwanza. Nani asiyecheka akisikia kwamba mzee wa kanisa alifungia bunduki ya Mzungu kabatini ili aitangaze Jumapili baada ya mahubiri, pamoja na miavuli? Hata mimi ningecheka, kama mzee huyo asingekuwa baba wa watoto wangu. Wakishamaliza kucheka nawauliza wao wangefanya nini, na hapo kila mmoja anakumbuka kwamba ana shughuli mahali.

Mimi ni Hulda. Zama zile za Mwingereza nilikuwa nauza chai na viazi vya kuchemsha Makambako, pale njia panda, ambapo malori ya Njombe na ya Iringa yalisimama kupoza injini. Banda langu lilikuwa la mianzi na paa la nyasi, halina mlango, na mbele yake kulikuwa na benchi alilolitengeneza mume wangu, Gideoni. Shoga yangu Teodora aliuza maandazi palepale ubavuni. Gideoni alikuwa seremala, na kanisani kwetu ndiye aliyeshika ufunguo.

Habari ya ufunguo lazima niieleze, maana wageni hawaielewi. Kanisani kwetu kitu kikiokotwa, kiwe cha sokoni au cha njiani, hakilali nyumbani kwa mtu. Kikilala kwako, kesho watu wanaanza kukutazama kwa pembe ya jicho. Kinapelekwa kanisani, kinafungiwa kwenye kabati la vitabu vya nyimbo, na Jumapili kinatangazwa: mwenye jembe la mpini mpya, mwenye sweta ya mtoto, aje achukue chake. Gideoni alilichonga kabati lile mwenyewe, akalionea fahari kuliko hata nyumba yetu. Nyumba yetu ilivuja.

Sasa huyo Mzungu. Alikuwa na shamba la pareto upande wa Njombe, nasi tukamwita Bwana Pareto. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanapenda kisa kiwe na mtu mbaya wa kumlaani, na kisa hiki hakina, jambo ambalo limeniudhi maisha yangu yote.

Alifika siku ya soko akitoka kuwinda huko mabondeni Usangu, gari lake likitoa mvuke. Akaomba maji ya rejeta, akaketi kwenye benchi, akaiegemeza bunduki yake ya marisau kwenye ukuta wa banda langu. Akatuamkia kwa Kibena, kamwene, kamwene, kwa sauti ya mtu anayetafuna kiazi cha moto, nasi tukacheka naye. Akasifu chai yangu. Kisha akaona mawingu yamejikusanya upande wa Njombe. Barabara ile ikinyeshewa ilikuwa utelezi mtupu, kwa hiyo aliruka garini bila hata kumaliza kikombe, akaondoka. Ndege wake aliowapiga aliwakumbuka. Bunduki ikabaki ukutani.

Teodora ndiye aliyeiona. Tulikimbia nyuma ya gari tukipiga kelele mpaka pumzi zikatuishia, lakini lile gari lilikuwa na mlio mkubwa kuliko wetu. Tuliporudi watu walikuwa wameshaizunguka ile bunduki, wamesimama mbali nayo kama watu waliokuta nyoka jikoni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuisogelea. Siku zile kulikuwa na vita vya msituni huko Kenya, na Wazungu wa kwetu walikuwa wamejaa wasiwasi. Mtu mweusi kuonekana na bunduki bila kibali lilikuwa jambo la kumpoteza. Mzee Filemoni, aliyekuwa mtoto wakati wa Maji Maji, alituambia kwamba Mjerumani hakuuliza bunduki imefikaje nyumbani kwako, aliichoma nyumba. Alipokwisha kusema hayo akachukua fimbo yake akaenda zake, na sikumlaumu.

Tulijaribu kila mlango. Jumbe alikuwa Njombe kwenye baraza. Dereva wa lori lililokuwa linaelekea huko tulimwomba aichukue, akasema ana watoto wadogo. Alikubali tu kupeleka habari polisi, na kwa kweli alikusudia kuipeleka, ila lori lake lilizama kwenye tope njiani na habari ikazama nalo.

Hapo ndipo Gideoni alipofika kutoka karakana yake, vumbi la mbao kwenye nyusi. Tukamweleza. Kuipeleka Njombe mwenyewe hakuweza, maana askari yeyote akimkuta nayo barabarani asingempa nafasi ya kujieleza. Kuiacha pale napo hakuweza. Nilimwambia aiache. Nilimwambia tufunge vyombo vyetu, twende nyumbani, atakayeichukua aichukue na dhambi zake. Nilikuwa naogopa, tena naogopa kwa ajili yake, na nilisema kwa ukali kama nisemavyo nikiogopa.

Labda angenisikiliza. Lakini kilabu cha pombe ya ulanzi kilikuwa kinaanza kutoa watu, na watoto wa shule walikuwa wanapita. Mlevi mmoja mchangamfu, aliyekuwa amepigana Burma na hakuacha mtu asahau, aliingia katikati ya watu akasema atatuonyesha namna inavyopigwa. Aliunyoosha mkono. Watoto wakasogea waone. Gideoni akawahi, akaishika bunduki kabla yake.

“Baba Ida, iache hiyo,” nikasema.

“Nikiiacha akafa mtoto wa mtu, nitakwenda kusema nini?”

Aliniomba shuka langu, akaiviringisha, akaenda nayo kanisani mtutu ukitazama chini, na watu wakampisha njia nzima. Hakujua kama ina risasi. Nilimfuata kwa nyuma nikimwona anavyotembea polepole kama mtu aliyebeba maji ya moto.

Alipokwisha kuifungia, wasiwasi ulimtoka kabisa. Alikula ugali wake vizuri. Habari imepelekwa Njombe, akasema, na kitu kiko chini ya ufunguo. Ama mwenyewe atakuja, ama Jumapili itafika. Nikamuuliza kama kweli atasimama mbele ya washarika atangaze bunduki. Akasema kwa nini asitangaze, Bwana Pareto si mtu wa kanisa letu lakini vibarua wake ni wa kanisa letu, watampelekea habari. Nilimtazama mume wangu akitafuna, nikaona kwamba hatanii. Maisha yake yote mambo yalikuwa yamekwenda hivyo, na hakuwahi kuona kwa nini yasiende hivyo.

Polisi walifika Jumamosi, inspekta Mzungu na askari, pamoja na Bwana Pareto mwenyewe. Alikuwa ametoa taarifa alipofika kwake akakuta bunduki haimo garini, ila hakukumbuka aliiacha wapi, maana siku ile alikuwa amesimama mahali pengi. Walikuwa wanapekua duka baada ya duka. Gideoni aliposikia, aliitupa randa akakimbia kuwapokea, na uso wake, Mungu wangu, ulikuwa wa mtu anayekwenda kupokea mgeni.

“Nimekutunzia, bwana,” akasema.

Akawaongoza mpaka kanisani, akafungua kabati. Bunduki ilikuwa imelala kwenye shuka langu katikati ya mwavuli na sweta ya mtoto. Bwana Pareto alifurahi mno, akamshika Gideoni mkono kwa mikono yote miwili. Inspekta aliuliza tu nani mwenye ufunguo. Gideoni akasema ni yeye. Akauliza nani aliyeileta humu bunduki. Gideoni akasema ni yeye, tena kwa haraka, kama mtoto darasani anayejua jibu. Wakamfunga pingu.

Alikaa mahabusu Njombe mpaka zamu ya kesi yake ilipofika. Nilipanda lori na Teodora, tukafika barazani kwa hakimu tumekakamaa kwa baridi. Gideoni alikuwa amekonda, lakini alinipungia mkono kama mtu aliyekuja kwenye shughuli ya mwingine.

Hakimu alikuwa Mzungu mtu mzima mwenye miwani, Kiswahili chake safi, mtaratibu. Alinisikiliza mimi. Alimsikiliza Teodora. Yule dereva wa lori naye alikuja, akasema kweli alipewa ujumbe na kweli alikwama. Bwana Pareto akasimama, kofia mkononi, akaeleza mwenyewe kwamba alisahau bunduki, kosa ni lake, na kwamba huyu ni mzee mwema ambaye pengine ameokoa maisha ya watu. Aliposema hivyo nilimpenda. Gideoni alieleza la kwake bila kuficha neno, mpaka la kutangaza Jumapili, na watu barazani wakacheka, na hakimu naye akatabasamu.

Kisha hakimu akamtazama Gideoni akasema, “Ninakuamini. Kila ulichosema ninakiamini.”

Teodora alinibana mkono. Mimi nilikuwa tayari nafikiria kwamba nikirudi nitachinja yule jogoo mweupe, na kwamba Gideoni nitamsema wiki nzima ndipo nimsamehe. Furaha ilinijaa hata sikusikia vizuri maneno yaliyofuata, ikabidi niyaone kwenye uso wa mume wangu.

Hakimu alikuwa anaeleza sheria. Mtu akikutwa na silaha bila kibali amevunja sheria, na sheria haiulizi ameipata kwa wema au kwa ubaya. Kama angeishika kidogo tu, labda. Lakini aliiweka, akafunga, akakaa na ufunguo mfukoni. Katika siku hizi serikali haiwezi kuliacha jambo la namna hiyo lipite. Alisema atampa kifungo kidogo kadiri anavyoruhusiwa, kwa kuwa ni mtu mwaminifu. Miezi sita.

Nilisimama. Askari alinikamata bega, lakini hakimu akamwashiria aniache.

“Bwana,” nikasema, “mimi sibishi. Nifundishe tu. Tungefanya nini?”

Alivua miwani. Sitasema uongo, yule mtu alifikiri. Alimtazama Gideoni, akatazama bunduki iliyokuwa mezani mbele yake, akatazama dirishani. Nikamngoja, nikiwa na tumaini la kijinga kwamba akilitafuta jibu akalikosa atamwachia.

“Sijui, mama,” akasema.

Akavaa miwani akaandika. Wakamtoa Gideoni kwa mlango wa nyuma. Alikuwa anageuka geuka kunitafuta, nami nilikuwa nimesimama palepale nilipokuwa aliponipungia mkono, ila watu walikuwa wamesimama katikati yetu, naye hakuniona.

Nje upepo ulikuwa mkali. Bwana Pareto alitukuta tumekaa kwenye ngazi, Teodora akinifuta machozi kwa upindo wa nguo yake, maana langu shuka lilikuwa bado kwa polisi. Macho ya Bwana Pareto yalikuwa mekundu. Alisema amesikitika sana, na nadhani alisema kweli. Alisema hakuna lori la Makambako mpaka kesho, na kwamba atatupeleka yeye mwenyewe, ndicho kitu kidogo anachoweza kufanya. Sikuwa na nguvu ya kukataa. Tulimfuata mpaka kwenye gari.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa magunia. Alifungua mlango ili ayasogeze tupate pa kukaa, na kwa kuwa mikono yake haikutosha, aligeuka akaninyooshea ile bunduki, waliyokwisha kumrudishia.

“Shika kidogo, mama,” akasema.

Nilikuwa kando ya ukuta wa baraza, mbele ya askari wawili wa zamu. Mikono yangu niliiweka nyuma, nikaifumbata. Teodora naye alifanya vilevile bila kuambiwa. Bwana Pareto alibaki ameishika bunduki hewani, akitutazama kwa upole, hajui tunangoja nini.

“Sina kibali, bwana,” nikamwambia.

Alicheka kidogo, akidhani namtania.