Kura Moja Mlangoni

Kwa kuwa majina yao yote mawili yanaanza na M, Bi Mize na mumewe Msabah walipigia kura katika chumba kimoja miaka yote, katika skuli iliyo nyuma ya nyumba yao Mji Mkongwe. Hilo ndilo lililomfedhehi Bi Mize.

Msabah alikuwa akitengeneza vyerehani vibovu, na alikuwa na chama chake. Chama chenyewe, tuseme kweli, kilikuwa kichekesho: ofisi chumba kimoja Jang'ombe, bendera imepauka, na mgombea ambaye watu walimsalimia kwa kumhurumia. Barazani walimtania Msabah mpaka basi. Naye hucheka nao, kisha akasema, "Nnajua hatushindi. Lakini tukipata sufuri, watasema sie hatupo."

Bi Mize hakutaka kuitupa kura yake. Uchaguzi wa kwanza alikipigia chama kikubwa, akarudi nyumbani akamwambia mumewe, "Nshakupigia chama chako." Kesho yake asubuhi Msabah akaenda kusoma karatasi ya matokeo iliyobandikwa mlangoni mwa kile chumba. Chama chake kilipata kura moja. Akarudi na mikate ya mofa, akamimina chai, asiulize kitu. Miaka mitano baadaye ikawa vile vile: uongo ule ule, moja ile ile, na chai.

Kabla ya uchaguzi wa tatu, Msabah akafariki. Hamu ya mtu yule ilimkaa Bi Mize kifuani. Alitamani kikohozi chake ngazini, alitamani hata yale mafuta ya cherehani aliyokuwa akimpakia kwenye mashuka. Zaidi ya yote alitamani saa moja tu naye, amwambie ukweli. Saa hiyo haipatikani. Basi siku ya kura alivaa buibui lake, akapanga foleni mpaka miguu ikamuuma, akakipigia chama cha mumewe.

Asubuhi akaenda kutazama. Kura moja.

Bwana Khatib, mwenzake Msabah wa barazani, alikuwa pale pale mlangoni. Akaona jicho lake lilipotua.

"Imepungua, Bi Mize," alisema kwa upole. "Sie zamani tulikuwa tukingoja redio tu, marehemu ndiye aliyekuwa akija kusoma. Kila mara akirudi hutwambia, chumba kile tuko wawili, mie na mke wangu. Akijivuna kwelikweli."

Msabah, ambaye hakupata kumdanganya mteja hata bei ya sindano, alikuwa akimsitiri mkewe miaka yote hiyo. Bi Mize angeweza kuitikia tu, akaenda zake.

"Hatukuwa wawili, Bwana Khatib," alisema. "Alikuwa peke yake. Mie nlikuwa nikimdanganya."

Khatib akainamisha kichwa. Bi Mize akabaki pale, mahali aliposimama mumewe mara mbili akaisoma moja yake bila ya mtu ubavuni. Alitamani, kwa roho yake yote, karatasi ile isome mbili.