Shada Lililoingia Kikaangoni

Kwa maneno ya doña Custodia, jirani wa ng'ambo ya uzio, yule mkamwana aliyetoka mabonde ya joto aliiba brashi ya baba mkwe wake, akaikatakata, akaikaanga, akawalisha wavunaji wote mchana kweupe. Aliyasimulia hayo mlangoni mwa kanisa la mji wa Aquitania huku amejishika mbavu.

Aliyasema kwa chumvi, lakini hakuzua. Deyanira alikuwa ameolewa kando ya ziwa Tota, huko milimani kwenye baridi, ambako mashamba ya vitunguu majani hushuka mpaka majini na harufu yake hulala na watu vitandani. Kumenya alimenya, kuosha aliosha. Mwiko, hapana. Jiko lilikuwa la mama mkwe wake, doña Eulalia, na bibi arusi alikula kwa macho: asubuhi alimwona mama akitupia majani mabichi kwenye supu ya maziwa na mayai, moto ukishatulizwa, mchana alimwona akikaanga sehemu zile nyeupe pamoja na nyanya, polepole, mpaka zilegee ziwe rojo la kumwagia viazi. Alitazama, akaweka moyoni, akangoja.

Siku ya kung'oa vitunguu, ng'ombe akashikwa na uchungu wa kuzaa.

"Viazi vimeiva," mama alisema, tayari amekunja mikono ya sweta. "Rojo lake tengeneza wewe. Na usinitie aibu mbele za watu."

Deyanira aligeuka huku, akageuka kule. Vitunguu vyote vilikwisha pakiwa kwenye lori. Ila uani, kando ya moto wa nyama, palikuwa na bakuli la bia na chumvi, na ndani yake shada nene la vitunguu majani limefungwa vizuri, majani yaking'aa mafuta. Kwao nyama huchomekwa kwenye vijiti ikaachiwa moto, bila kupakwa chochote. Na hapa nyama haikuwa imechomwa tangu aje. Akaona mama kamlowekea. Akalikata lote.

Nyanya zilikuwa zimeanza kulegea baba mkwe wake, mzee Argemiro, alipoingia, mkono mmoja umenyooka mbele.

"Brashi yangu iko wapi?"

"Brashi gani, baba?"

"Ya vitunguu. Ninayopakia nyama bia."

Deyanira alitazama kikaango. Mzee naye akatazama kikaango. Harufu iliyopanda ilikuwa nzuri mno.

"Mkwe wangu," mzee alisema taratibu, "umri wote huu sijapata kula brashi."

"Nimwage, baba?"

"Umwage nini? Watu wana njaa. Leta."

Rojo lilibeba moshi, chumvi na mafuta ya nyama. Wavunaji walianza kwa mzaha. "Shemeji, kesho tukaangie ufagio," mmoja alisema, na mwenzake akataka kujua kama buti lake la shambani nalo litaiva. Halafu mizaha ikapungua, kwa kuwa midomo ilikuwa na kazi.

Hapo ndipo doña Eulalia alipotokea, mikono imechafuka hadi viwikoni, uso umechanua: ndama jike, na amesimama. Akanawa. Akachukua kiazi, akachovya, akatafuna huku macho yameelekea juu.

"Bia umeitoa wapi?"

"Ilikuwa kwenye shada, mama. La baba. Sikujua."

Mama mkwe akamgeukia mumewe, akaona mikono mitupu na nyama iliyokauka upande mmoja, akaelewa. Kicheko kilianzia tumboni, kikamkalisha kwenye benchi, kikamtoa machozi. Wote wakamfuata, mpaka doña Custodia akachungulia juu ya uzio kuuliza nani kafanya nini.

Deyanira alicheka pia, kisha akasogea karibu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "supu ya kesho asubuhi niachie mimi."

Doña Eulalia alikuwa ameinamia kikaango, akikikwangua kwa kipande cha kiazi, na kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umejaa, alimsukumia mwiko tu.