Nani Anatendua Rangi ya Perpetua

Mara ya kwanza rangi ilipotoweka, Perpetua alisingizia umeme wa Katesh. Mara ya pili akamtazama Gidabuday kisogoni, na tangu hapo kisogo kile hakikumpendeza tena.

Walikuwa wawili tu katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la mbegu. Kompyuta zao ziliunganishwa kwa waya, nao walikuwa wakitengeneza programu ya kurekebisha picha ambayo watu wawili wangeitumia kwa pamoja. Kila hatua ilikuwa kisanduku kwenye kioo, na visanduku viliungwa kwa nyuzi, kimoja kikipokea picha kutoka kwa kingine. Picha ya majaribio ilikuwa ya harusi ya dada yake Perpetua kule Gitting. Perpetua alikata pembeni, Gidabuday akaongeza mwanga, kisha Perpetua akatia rangi. Sheria ya kutendua aliiandika Perpetua mwenyewe: kila mtu anafuta hatua yake, ya mwenzake haigusi. Basi nani aliyekuwa akiifuta rangi yake?

Hakuuliza. Neno alilitafuna mpaka likawa chungu. Gidabuday alibonyeza taratibu, mara nyingine akatabasamu peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, Perpetua akajiambia. Huyu anataka nionekane sijui kazi, programu ibaki yake.

Ijumaa asubuhi akalitoa. "Gidabuday, kaa nyumbani kwanza. Kazi yangu inaharibiwa, na humu tupo wawili."

Gidabuday alizima kompyuta, akachukua koti lake. "Sawa," akasema.

Perpetua akaanza kama kila asubuhi, kwa kutendua ukataji wake ili aufanye upya. Ila leo alikuwa akitafuta ushahidi, kwa hiyo kwenye kioo chake alivitazama na visanduku vya Gidabuday. Kisanduku chake kikaondoka, na mwanga wa Gidabuday uliokitegemea ukaanguka nao. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Ndivyo rangi yake ilivyokuwa ikianguka kila Gidabuday alipotendua mwanga wake mwenyewe ili aurekebishe.

Akampigia Gidabuday simu. "Mwanga wako ulikuwa ukipotea?"

"Kila siku."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ni mtu makini. Nikadhani nimekosea mimi, nikawa narudia tu." Nyuma yake ng'ombe walisikika. "Kwetu, hata ng'ombe wako uliyemwachia mtu akutunzie, huendi kumswaga tu. Unamwambia kwanza. Mimi hukuniuliza."

"Nisamehe. Rudi."

"Jumatatu nitakuja kuchukua mashine yangu."

Perpetua aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akaiandika sheria upya: kabla hatua haijafutwa, yule ambaye kazi yake inaitegemea aulizwe. Akaufanya upya ukataji wake, akaurudisha na mwanga wa Gidabuday kadiri alivyoukumbuka, kisha akabonyeza kutendua, ajaribu.

Swali likaenda kwenye kompyuta ya Gidabuday iliyozimwa, na programu ikakaa ikisubiri jibu.