Mishingiriro ya Mama Lyse

Mwezi wa sita ulipoingia na baridi yake, Anésie alivaa koti la marehemu mumewe juu ya sweta la mtumba, akajitwika mzigo wa mishingiriro, akashuka bondeni. Mishingiriro ni ile miti mirefu myembamba ya kupandishia maharage yanayotambaa. Huku milimani kila nyumba ina yake: mikaratusi hukatwa, hukaushwa darini juu ya moshi wa jikoni, ikatumika kipupwe hadi kipupwe mpaka ivunjike. Ya Anésie ilikuwa imekauka hata ukiigonganisha inalia kama vijiko. Aliichomeka mstari kwa mstari, akamwagilia maji, akarudi nyumbani kuota moto. Asubuhi yake akaikuta imetoa majani.

Aliyatazama, akayachuma moja moja, akayatia mfukoni mwa koti, akaendelea kupalilia. Majani hayakumtisha. Kilichomtisha ni sheria ya bonde.

Kijiji chao, Rusagamika, kiko juu hasa, mahali ambapo ukungu ukiachia unaliona Ziwa Tanganyika lote limelala kule chini. Watu wa Ujiji wakiwa wanajipepea kwa vipande vya maboksi, wa Rusagamika wanasalimiana huku moshi ukiwatoka mdomoni. Kipupwe mashamba ya mlimani hulala, maana mvua hakuna, na kijiji kizima huhamia bondeni kulima bustani: maharage, kabichi, vitunguu, nyanya. Mfereji ni mmoja na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Mume wa Anésie alipofariki, kipupwe kimoja katikati ya baridi, mjane alikaa matanga, na siku aliyorudi bondeni alikuta kabichi zake zimepaliliwa, udongo umelowa, na hakuna aliyejitaja. Watu wa Rusagamika ni watu wema. Niliseme hilo mapema, kwa sababu yanayofuata wameyafanya wao hao hao.

Asiye na ardhi bondeni huazima. Mwenye ardhi hamdai kitu, ila kapu la kwanza la maharage, la shukrani. Lakini wa kuazima hapandi mti. Apande cha kuliwa kabla ya mvua za kwanza, basi. Si mgomba, si kahawa, si mparachichi, kwa sababu mwenye mti leo ana kivuli, kesho ana mpaka, keshokutwa ana kesi. Sheria hiyo haikuandikwa popote na hakuna aliyewahi kuisahau. Hata mtoto wa mtu aliyeazima akila embe bondeni, mama yake humwambia kokwa akatupe nyumbani.

Anésie aliazima kwa mzee Gervasi, na baba yake, Harerimana, aliazima kipande hicho hicho kabla yake. Tukisema kweli, neno kuazima lilikuja baadaye. Harerimana alipofika kutoka Burundi na mkewe, Anésie akiwa mtoto wa mgongoni, bonde lilikuwa matete na vyura. Wenyewe wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Harerimana alifika na lake. Alifyeka matete, akachimba ule mfereji, akayaondoa maji, na bonde lilipokauka likaonekana zuri, zikakumbukwa koo zilizokuwa na haki nalo. Gervasi akamwazima Harerimana kipande, tena kwa upole. Ile methali inaishia kwenye jembe. Haisemi ni siku ya ngapi mgeni atakoma kuwa mgeni.

Kwa hiyo Anésie aliyachuma majani, na kesho yake tena, na kesho kutwa. Wa kwanza kumwona ni Winfrida, jirani yake wa bustani, Muha wa palepale na rafiki yake tangu wote wawili wakiwa wasichana wa kuchota maji. Aliweka ndoo chini, akaanza kuchuma kutoka mwisho ule wa mstari.

"Huu umekuwa mparachichi," alisema.

"Na huu mchikichi."

"Mchikichi na baridi hii?"

"Sikuuita mimi."

Walichuma hivyo kila asubuhi kabla watu hawajashuka. Kuing'oa mishingiriro kusingewezekana, maana maharage yalikuwa yanatoa maua, na maharage yakilala chini wakati wa ukungu yanaoza yote. Na Anésie hakuwa na pengine. Mashamba ya mlimani ya mumewe yalikuwa yamerudi kwa ndugu wa mumewe, kama yanavyorudi. Alikula bondeni, na Lyse, mwanawe, alikuwa na meza ya mboga sokoni Gungu, na mboga yenyewe ilitoka hapo. Bustani hiyo ikiondoka, imeondoka na sufuria.

"Weka mabua ya mtama badala yake," Winfrida alishauri. Mabua yakashika mizizi, yakawa migomba. Ndipo Winfrida alipokwenda kwake akarudi na nondo, zile zilizokuwa zikingojea nyumba ambayo mumewe, Jeremia, anaijenga tangu watoto wao hawajaota meno. Nondo zilitulia kwa muda. Halafu nazo zikatoa vijani vidogo vya rangi ya kutu.

"Kwa nondo nilikuwa na imani," Winfrida alisema, na kweli uso wake ulionyesha kwamba alikuwa nayo.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," Anésie akajibu. Wakacheka wote wawili, kwa sababu baridi ilikuwa kali na ilibidi wafanye kitu.

Siku ya mfereji haina kujificha. Siku hiyo kijiji kizima hushuka na majembe kuzoa tope kutoka chanzoni mpaka mwisho, halafu hukaa ukingoni kunywa rubisi, pombe ya ndizi, na kuchoma viazi kwenye majivu. Miti ilikuwa imeshampita mtu kimo. Maharage yalikuwa yamepanda mpaka kileleni na yalikuwa yakining'inia katikati ya maparachichi machanga. Erasto, mwana wa Gervasi, aliyeirithi ardhi hiyo juzijuzi tu, alisimama mbele ya bustani akiwa na jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amahoro."

"Mama Lyse, hii ni nini?"

"Mishingiriro."

"Mimi naona miparachichi."

"Ilikuwa mishingiriro."

Erasto hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na ardhi ya vipande vipande, na usiku wa siku aliyozikwa baba yake alikuwa ameahidi, mbele ya ukoo, kwamba hakitapotea hata kipande kimoja. "Baba aliwaazima kwa moyo mweupe," alisema. "Ndiyo kwanza arobaini yake imepita, na nyie mnapanda miti."

"Sikupanda. Nilichomeka."

Mwenyekiti wa bonde, mzee Feliksi, aligeuza ndoo, akaikalia, na hicho kikawa kikao. Feliksi hapendi kuhukumu kwa kusikia. Aliagiza tawi moja la mkaratusi likatwe vipande viwili. Kimoja akampa Erasto, kimoja Anésie, akawaambia wachomeke hapo hapo, hatua chache baina yao, kisha akaomba rubisi ipite. Kibuyu kilipomaliza mzunguko, kijiti cha Anésie kilikuwa na majani na ua moja jeupe la kahawa. Cha Erasto kilikuwa kimeanguka. Erasto alikichomeka tena kwa nguvu, akakikanyagia udongo. Kikaanguka tena, taratibu, kama mzee anayejilaza.

Mtu mmoja akakohoa. Viazi vikageuzwa.

Winfrida akasimama. Si kawaida yake kusema kikaoni. "Watu wawili wakigombania ndama, tunamfungulia, ng'ombe atakayemfuata ndiye mama yake, kesi imekwisha. Wazee wangu, hapa ndama ameshakwenda. Sasa tunangoja nini?"

"Umesema kweli," Feliksi alijibu, "na mimi macho yangu yameona. Ardhi hii inamjua Mama Lyse. Lakini ardhi si mjumbe wa kikao hiki." Aliwatazama watu waliokaa ukingoni, na kila mwenye ardhi akawa anamtazama yule aliyemwazima kipande chake, na aliyeazima akawa anatazama chini. "Tukisema mti ukiota una mwenyewe, wa kuazima wako wangapi humu? Tutaamka siku moja bonde si letu."

"Mzee," Anésie akasema, "baba yangu ndiye aliyelifanya likawa bonde la kulima."

"Najua. Nilikuwa kijana, nilimwona yuko kwenye tope mpaka kiunoni. Tunamshukuru mpaka leo."

Na walimshukuru. Kikao kilipiga makofi kwa ajili ya marehemu Harerimana, makofi ya dhati, kuna hata waliofuta machozi. Kisha kikaamua binti yake aondoke maharage yakishavunwa, na miti ibaki na ardhi.

Anésie alitaka kusema neno la Kirundi ambalo mama yake alikuwa akilisema, akaliacha, akanywa rubisi aliyopewa kwa sababu aliyempa alimpa kwa mikono miwili.

Alivuna. Kapu la kwanza alimpelekea Erasto, kama desturi, na Erasto alilipokea kwa heshima. Siku zikapita, ukungu ukiwa mzito, kijiji kikiota moto jioni kwa zamu, leo uani kwa huyu kesho kwa yule, na Anésie akikaribishwa kote na kupewa kiti cha karibu na moto. Hakuna aliyemtenga. Pengine wangemtenga angejua la kufanya.

Kisha asubuhi moja Erasto akabisha hodi. Alichuchumaa mlangoni, kapu la vitunguu mbele yake, macho yakiwa kwenye vitunguu.

"Nina shida, mama. Nimeongeza miparachichi upande wa juu, haishiki. Nimenunua miche Kigoma mjini, haishiki. Nikasema, labda mama akija tu akachomeka. Kibarua. Nitakupa chakula, na mihogo nitakuongezea."

Sheria haikukataza chochote hapo. Mti uliopandwa na kibarua ni wa mwenye shamba, hilo linajulikana kote. Anésie alitazama vitunguu, akafikiria sufuria, akavaa koti. Alichomeka vijiti siku nzima na kabla ya jua kuzama vilikuwa na majani. Erasto alimshukuru sana. Habari zikaenea, na wiki ile ile akaja wa pili, naye akaja na kapu, halafu wa tatu. Hata Feliksi alimwita, akampa mbuzi jike, kwa sababu Feliksi ni mtu wa haki, akamwonyesha mahali pa kuchomeka michikichi.

Ndivyo bonde la Rusagamika lilivyojaa miti kipupwe kile. Wasafiri waliokuwa wakipita kuelekea Kigoma waliteremka kwenye magari kuitazama michikichi iliyostawi kwenye baridi, na wenyeji waliwaambia, bila majivuno, kwamba ni kazi ya Mama Lyse, wana bahati naye. Walimaanisha. Kila mpaka ulikuwa na mti wake na kila mti ulikuwa na mwenyewe, na Anésie alipokuwa akirudi nyumbani jioni alipita katikati ya miti aliyoichomeka kwa mkono wake pande zote mbili za njia.

Winfrida ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alimsema Jeremia siku tatu mfululizo, chakula akimwekea bila kumtazama, mpaka Jeremia akakubali kumwazima Anésie ukanda mwembamba mwishoni mwa bustani yao. Masharti hakuyataja. Aliona aibu kuyataja, na hayakuhitaji kutajwa. Anésie alipanda kabichi na mchicha tu, vitu visivyohitaji kuegemezwa.

Asubuhi moja walimaliza kupalilia mapema. Ukungu ulikuwa ukiachia, ziwa likaanza kuonekana kipande kwa kipande.

"Kaa kidogo, mwenzangu," Winfrida alisema. "Tangu uje hapa hukai."

Anésie akaketi kwenye tuta, akavua ndala, akanyoosha miguu kwenye udongo uliokuwa na jua. Walizungumza habari za Lyse na meza yake ya Gungu, na nyanya zilivyoshuka thamani, na goti la Jeremia. Ilikuwa raha. Alipotaka kuinuka, mguu wa kulia haukuja.

Alitazama chini. "Yameanza," akasema.

Winfrida akasogea. Katikati ya vidole, na chini ya kisigino, ilikuwa imetoka mizizi myeupe, laini, mingine imeshaingia ardhini. Alichomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwani, akaupakata mguu wa mwenzake mapajani, akaanza kuitoa mmoja mmoja, kama mtu anavyomtoa mwenziwe funza. Kila mzizi alioutoa aliuweka juu ya jani la kabichi, usiguse udongo. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Inauma?"

"Hiyo ya kisigino tu. Ilikuwa imeshakwenda mbali."

"Tulia, imebaki kidogo. Jeremia asije akaiona."

Walipomaliza, Winfrida alilikunja lile jani, akalifunga kwenye pindo la kanga yake akalichome moto nyumbani. Anésie akavaa ndala, akashukuru, akachukua ndoo, akaanza kumwagilia huku akitembea, asisimame mahali pamoja kwa muda mrefu.