Kanuni ya Kumi na Saba

Katika kiwanda kile cha magodoro, mtu aliyeitwa Injinia hakuwa injinia. Alikuwa karani wa utumishi aliyesoma kozi ya wiki mbili, akarudi na cheti na maneno magumu, wenzake wakambandika jina hilo kwa kumtania. Yeye alilipokea kama pongezi. Ndiye aliyeleta mfumo wa kompyuta wa kupeleka maombi ya likizo kwa Mkuu wa Idara na kurudisha majibu, bila karatasi hata moja. Fomu za zamani alizichana mbele ya Mama Majalada, mtunza faili aliyezilea miaka ishirini na miwili, akamwambia, "Mama, dunia imeshaenda." Mama Majalada alifagia vile vipande.

Jumatatu hiyo asubuhi Injinia aliandika ombi lake la nne. Mama yake mzazi alikuwa amepasuliwa macho, na Alhamisi daktari angemfungua bandeji. Mama huyo alimwambia neno moja tu kwenye simu: "Nikifunguliwa, uso wa kwanza kuuona nataka uwe wako." Safari yenyewe ni siku nzima kwa basi. Maombi matatu ya nyuma, la kwenda kumwona, la kumpeleka kwa daktari, na la siku ya kupasuliwa, yote yalirudi na jibu lile lile: Ombi lako limekataliwa. Mkuu wa Idara.

Tangu lile la kwanza, miezi mitano sasa, Injinia alikuwa amemnunia Mkuu. Akimsalimia, ni kwa nyusi. Mkuu akipita na kikombe chake cha chai, yeye hugeukia ukutani kusoma bango aliloliandika kwa mkono wake: MFUMO HAUKOSEI, ANAYEKOSEA NI MTU. Nyumbani kwao alishasema waziwazi kwamba bosi wake ana roho ya jiwe.

Akabonyeza pa kutuma. Hata kidole hakijainuka, jibu likarudi. Limekataliwa.

"Leo patachimbika!" alisema, akasimama kwa kishindo. "Namfuata, nimwambie ana kwa ana."

"Unamfuata wapi?" Mama Majalada aliuliza bila kuinua kichwa. "Mkuu yuko karakana tangu saa mbili, anakagua mashine ya kukata sponji. Simu yake hii hapa, kaniachia nimchajie. Sasa amekukataliaje?"

Injinia akakaa. Kumbe mfumo una hitilafu! Na kama una hitilafu, basi yupo mtu aliyeuharibu, na mtu huyo hawezi kuwa yeye. Akaizima kompyuta, akaiwasha, akalituma tena lile lile. Limekataliwa. Akachomoa waya wa mtandao, akaupuliza, akauchomeka tena. Limekataliwa. Akabadilisha nywila. Akalaumu umeme, akalaumu vumbi la sponji, akamlaumu hata fundi aliyepaka rangi ukuta ule mwaka juzi. Mwishowe akafanya kile ambacho mstari wa chini wa bango lake uliwaagiza wafanyakazi wote: ukishindwa, piga namba ya msaada. Akapiga kwa simu yake ya mkononi. Simu ya mezani pake ikaanza kulia, naye akaikodolea macho.

"Pokea," alisema Mama Majalada. "Huenda anajua."

Hakupokea. Yule mama alivuta kiti, akaketi kando yake. "Huo mfumo wako unafuata amri za nani?"

"Zipo kanuni, mama. Thelathini na moja."

"Zifungue."

Akatoa rula yake ya mbao, akaiegesha kwenye kioo cha kompyuta kama alivyozoea kufanya kwenye majalada, akateremka mstari kwa mstari. Kwenye kanuni ya kumi na saba rula ikasimama. "'Kila ombi la mtu huyu likataliwe papo hapo, kwa jina la Mkuu,'" alisoma. Mtu huyu alikuwa Injinia. Aliyeiandika alikuwa Injinia pia.

Ndipo alipokumbuka siku ya majaribio. Alihitaji jina la mtu wa kukataliwa, aone kama barua ya kukataa inatoka sawasawa, na ofisi nzima ikamkimbia. Hakuna aliyetaka kuandikwa mashineni kuwa ni mtu wa kunyimwa, walisema ni mkosi. Injinia aliwacheka, akaandika jina lake kwa madaha. Angelifuta baada ya chai. Baada ya chai Mkuu akaja kumpongeza, watu wakampigia makofi, na makofi ni matamu. Kanuni ikabaki pale pale.

Kikulacho ki nguoni mwako. Cha Injinia kilikuwa ndani ya shati, tena kimefunga tai. Aliona aibu hadi masikio yakamchoma. Mdogo wake wa kike ndiye aliyemshika mama mkono kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, peke yake, na aliyelaumiwa ni mtu asiyejua lolote.

Akaifuta kanuni, akatuma ombi la tano. Halikujibiwa. Saa sita Mkuu akarudi, nguo zimejaa vumbi, akafungua kompyuta yake.

"Kumbe mama anaumwa, usiniambie?" alisema. "Nenda leo leo. Mimi nilidhani umeninunia kwa ajili ya kikombe chako nilichokivunja."

Injinia hakujua kama kikombe chake kilivunjwa. Alitoka hadi koridoni, akapiga simu nyumbani.

"Mama, nimepata ruhusa. Alhamisi nipo hapo."

"Mungu ashukuriwe! Na yule mtu aliyekuwa akikunyima, moyo umemlainika?"

"Umemlainika, mama."

"Maana nilikuwa namwombea mabaya, mwanangu. Niliomba siku moja na yeye atake jambo kwa moyo wake wote, alikose, na asijue amlaumu nani."

Injinia aliegemea ukuta. Mlangoni Mama Majalada alijitia kupanga faili.

"Basi mwambie nimemsamehe," mama yake alisema.

"Amesikia, mama."